Vidole vya Nani?

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mpika maandazi, mikono imekomaa kwa kukanda unga. Kidole chake kimoja ukikiona utadhani viwili. Mke wa mwanawe alikuwa na mimba changa, akitapika asubuhi mpaka jioni. Uji haukai, maji hayakai. Ijumaa nesi akasema, "Akifika Jumatatu hivi, tunamlaza. Yeye na mimba wote wako hatarini." Na huyo ndiye angekuwa mjukuu wa kwanza! Mama aliogopa, ila usoni akajikaza.

Mtaani palikuwa na tabibu wa tiba ya Kichina. Mama akamkimbilia siku ileile, naye akamwelekeza mahali pa kubonyeza ili kutuliza kutapika: "Anzia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pima vidole vitatu kupanda juu. Vinapoishia, katikati ya kano mbili, bonyeza taratibu kwa gumba."

Mama huyo mbio nyumbani. Akaweka vidole vyake vitatu, akabonyeza. Mkwe akatapika. Akabonyeza tena, safari hii kama anakanda unga wa harusi. Mkono ukavilia damu. Jumapili uvumilivu ukamwisha.

"Mwanangu, wenzako wanabonyezwa wanapata nafuu. Wewe unadeka! Mimi nimezaa saba, na uchungu ulikuwa ukinikuta jikoni."

Binti wa watu angejibu nini? "Nisamehe, mama." Akanyoosha mkono tena. Ninyi mnajua, mkwe gani atamwambia mama mkwe kwamba anamuumiza?

Mama akamwendea tabibu, amefura. "Tiba yako ya uongo!"

Tabibu akaitazama ile mikono. "Ulipima kwa vidole vya nani?"

"Vyangu! Ningeazima vya jirani?"

"Mama, nilisema vidole vitatu. Sikusema vyako. Hupimwa kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe, maana kila mwili una kipimo chake."

Mama alirudi nyumbani. Akauchukua mkono wa mkwe, akampimia kwa vidole vya binti mwenyewe, vile vyembamba. Vikaishia chini ya lile doa la damu, karibu zaidi na kiganja. Akabonyeza polepole. Baada ya muda binti akashusha pumzi: "Hapo, mama. Hapo hapo." Jioni ile nusu kikombe cha uji kikakaa tumboni, na mama akalia. Hakulilia uji. Alililia lile doa.

Sasa sisi. Wangapi humu tumempima mjane kwa vidole vyetu? "Mimi nilifiwa, wiki ya pili nilikuwa sokoni!" Aliyeacha pombe juzi akianguka, tunasema, "Mbona mimi niliacha siku moja?" Tunabonyeza mahali pasipo na ugonjwa, tena kwa nguvu, halafu tunamlaumu kwa kutopona. Na akinyamaza, tunadhani tumemsaidia. Jamani, yule binti alinyamaza siku tatu nzima, na siku zote tatu alikuwa akiumia.

Yuko mtu nyumbani kwako anayekuambia "nisamehe" kila siku. Leo usimwambie anadeka. Mshike mkono, umuulize, "Ni hapa?" Halafu, kwa ajili ya Mungu, nyamaza wewe.