Kompyuta ya Kiboko Yakaa Eda

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa bati na waya!
Vya nani?
Vya Kiboko!
Na ndani mna nani?
Tuambie wewe, Bibi!

Nitawaambia, ila msinikatize, na huyo anayekula karanga atafune kwa adabu.

Basi hapo kale, si kale sana, kale ya wanyama kuwa na umeme na majirani, alikuwepo Kiboko. Kiboko alikuwa na tumbo. Nikisema tumbo, msifikirie tumbo. Fikirieni gunia la mpunga, kisha lipulizeni. Alikuwa na nyumba ya chumba kimoja, baraza mbele na ua nyuma, na humo chumbani alikuwa akichapa kadi za harusi za mtaa mzima. Alichapia kompyuta ya mezani, ile ya zamani, yenye kasha zito la bati lililojaa matundu ubavuni.

Kompyuta ikazeeka. Ukiiwasha asubuhi, inaamka adhuhuri. Ukiandika "bwana harusi," inatoa "bwa," kisha inapumzika. Kiboko akanunua nyingine, nyembamba kama chapati. Printa nayo ikafa, ile iliyokuwa ikitoa kadi zenyewe. Akaibeba, akaitupa jalalani, pwaa! Sasa ikabaki kompyuta kongwe. Kiboko akaizunguka huku anaimba:

"Nitupe, nisitupe?
Nitie moto, nisitie?"

Na tumbo likamjibu: ngurururu!

Maana alikuwa na mawazo mawili tu. La kwanza, aitupe jalalani, kule takataka zinakochomwa kila jioni. La pili, aitoe utumbo wote, abaki na kasha, alijaze makaa. Bati lipo, matundu yapo, tayari ni jiko la kuchomea mahindi.

Na ndani ya kasha hilo, wajukuu zangu, alikuwemo Panya. Yeye na wanawe waliozaliwa juzi, wekundu kama punje za komamanga, macho hawajafumbua. Kukimbia hawajui. Hata mguu upi wa mbele na upi wa nyuma hawajui. Kuwahamisha? Huko nje paka wa jirani alikuwa ameshapiga mswaki. Panya akawaza: jalalani moto, jikoni moto.

"Jiko!" Kiboko akakata shauri. "Nakwenda kununua makaa." Akatoka, puu, puu, puu.

Panya akaruka juu ya redio ya Kiboko, akavuta kitambaa cheupe cha kufuma kilichoifunika, akaifunika kompyuta gubigubi. Akajitanda kipande cha kaniki, akapenya tundu la ukuta, akazunguka mpaka mlango wa mbele kama mgeni. Kiboko aliporudi na mfuko wa makaa, akamkuta kizingitini analia.

"Uwiii! Uwiii! Jamani shemeji yangu!"

"We Panya, unamlilia nani mlangoni kwangu?"

"Printa, bwana! Juzi tu nimemsikia anakohoa, khrr, khrr. Leo hatunaye."

"Printa? Nimeshaitupa."

"Bila hata kumfunika shuka! Haya, yamekwisha hayo. Nimekuja kumpa pole mjane."

"Mjane gani?"

"Mkewe. Si huyo humo ndani?"

Kiboko akacheka mpaka magego yakaonekana. "Kompyuta? Ndiyo mke wa printa?"

"Bwana Kiboko, umekaa nao nyumba moja miaka yote hiyo. Uliwahi kumwona bwana akifanya kazi bila bibi kumwambia? Bibi akisema, bwana anatoa. Bibi akinyamaza, bwana ananyamaza. Siku karatasi ikikwama wanagombana, mtaa mzima unasikia. Kama hiyo si ndoa, basi wewe ulikuwa unawachapia watu kadi za nini?"

Kiboko akajikuna sikio. "Hiki ni chombo tu," akasema. "Nakitia makaa."

"Tia, baba, tia. Mimi panya tu, nitakuzuia na nini? Ila sauti yako ni kubwa, na juu ya paa kuna mtu."

Juu ya paa alikuwepo Kunguru. Mimi Kunguru nampenda, siwafichi. Habari hailali tumboni mwake.

"Kwaa! Kiboko anataka kumchoma mjane! Kwaa! Na eda hajamaliza!"

Na kabla Kiboko hajasema "ngoja," Kunguru ameshafika mtaa wa pili.

Eda mnaijua. Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa ndani siku zake zote. Hatoki, hatolewi, wala mwanamume asiye ndugu yake hamtazami. Wanawake wenzake ndio wanaoingia kumliwaza, na hawaji mikono mitupu.

Basi wakaja. Akaja Bi Punda, akaja Bi Bata, akaja Bi Kobe aliyetangulia kutoka kwake na kuchelewa kufika. Bi Punda akalitega lile sikio lake refu kwenye kasha. Ndani watoto wameshikwa na njaa: chwi, chwi, chwi.

"Analia!" akasema Bi Punda. "Maskini, analia kwa adabu zake."

"Angekuwa wa kwetu," akasema Bi Bata, "vyombo vingeshavunjika."

Kiboko akafungua kinywa aseme kuwa huu ni uongo mtupu. Pale pale pakapita sinia. Mahamri! Mbaazi za nazi! Vitumbua vinavyotoa moshi! Tumbo: ngurururu! Kinywa kikajifunga. Kichwa kikainama.

"Kwa kweli," akasema Kiboko, "msiba huu umenigusa sana." Akanyoosha mkono kwenye sinia.

Pa! Panya akamchapa kidole. "Chakula cha mjane, bwana!"

"Na mimi je? Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Wewe ni mwanamume wa kando."

Bi Kobe akatoa kichwa polepole. "Eti, mashoga zangu, nauliza tu. Huyu bwana analala wapi?"

"Chumba hiki hiki," akasema Panya, akatazama chini.

"Chumba kimoja na mjane?"

"Yuu!" wakasema wote.

Mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia hasemi uongo akiwa ameshiba. Anasema godoro la Kiboko lilitupwa barazani hata shuka halijakunjwa.

Ikawa ndivyo. Kila asubuhi sinia linapita chini ya kitambaa limejaa, linatoka linang'aa. Kila asubuhi Kiboko barazani, mfuko wa makaa chini ya godoro, anaimba kwa sauti ya chini:

"Nitupe, nisitupe?
Nitie moto, nisitie?"

Ngurururu!

"Panya," akauliza siku moja, "mjane wa bati anakulaje vyote hivyo?"

"Huzuni inachosha, bwana."

"Na mbona akilia anakuwa kama wengi?"

"Anamlilia marehemu, anajililia mwenyewe, na akikumbuka ulivyotaka kumtia makaa, analia tena."

Kiboko akarudi godoroni kulala. Lakini pua haikulala. Ikanusa mahamri, ikanusa iliki, ikanusa nazi. Kiboko akakonda akawa na tumbo la kawaida. Akaapa: eda ikiisha tu, siku hiyo hiyo, makaa ndani, kiberiti, fyaa!

Panya akasikia kiapo. Akaingia ndani akawatazama wanawe. Walikuwa wamefumbua macho, wanakimbizana juu ya nyaya. Sasa mtasema, si aondoke nao basi? Aondoke aende wapi? Kwa paka? Na mbaazi za nazi ameshazionja! Panya akatabasamu, sharubu zikatikisika.

Siku hiyo akina Bi Punda walikuwa uani, wanachambua mchele na kusonga ugali, miko mkononi. Panya hakuwaambia kitu. Akaja barazani, akapiga miayo, akasema kama anayejisemea:

"Leo wanawake wote wamekwenda mtoni kufua. Mjane wa watu yuko peke yake na pilau yake nzima nzima. Na mimi usingizi umenishika, sisikii, sioni." Akajilaza. Khooo, khooo.

Kiboko akasimama. Akauchukua mfuko wa makaa. Akanyata, kama kiboko anavyonyata: puu... puu... puu. Akaingia. Pilau hiyo hapo, inanukia mpaka machozi. Akala yote. Akalamba sinia. Akaona isiwe tabu, akashika ncha ya kitambaa, akanong'ona:

"Nisitupe, nisitupe,
nitie moto, nitie!"

Fwaa! Akakifunua. Akainamia matundu achungulie makaa yatakaa wapi. Na ndani ya yale matundu, macho. Macho madogo, meusi, yanamtazama yeye. Chwi?

"Mamaaa!" Kiboko akapiga yowe mtaa ukatetemeka. "Ana watoto! Mjane ana watoto!"

Mlango wa uani ukafunguka, buu! Bi Punda mbele, Bi Bata nyuma, Bi Kobe yuko njiani. Wakatazama. Mjane yuko wazi. Pilau hakuna. Mwanamume kashika kitambaa.

"Umemfunua!" akasema Bi Bata.

"Ana watoto!" akasema Kiboko.

"Na wewe," akasema Bi Punda taratibu, "umejuaje?"

Juu ya paa: "Kwaaaa!"

"Na hayo makaa?"

"Ya... ya kuchomea mahindi!"

Pa! Mwiko wa kwanza. Pa! Wa pili. Pa, pa, pa! Kiboko akatoka puu puu puu, baraza akaliruka, godoro akalikanyaga, Bi Kobe akampita ndiyo kwanza anauliza kumetokea nini. Mbio mpaka mtoni, chubwi! Akazama mwili mzima, akabakisha pua na masikio, asikilize kama bado wanamsema.

Bado wanamsema. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko mchana kutwa yumo majini. Akitaka kula anangoja wanawake wa mtaa walale.

Na kompyuta? Haikutupwa, haikutiwa moto. Ipo pale pale chumbani, kitambaa cheupe juu, na maua ya plastiki juu ya kitambaa. Panya na wanawe wamo ndani, wamenenepa. Eda haijaisha. Ukiuliza itaisha lini, wanakwambia anayejua tarehe ni Kunguru, na Kunguru anasema bado.

Haya, wajukuu zangu, fundisho. La kwanza, uongo ni mbaya sana na haumfikishi mtu popote. La pili, umbea ni mbaya zaidi, haujawahi kumwokoa mtoto wa mtu. La tatu, kitu kikizeeka kitupeni mapema, msikiwekee huruma.

Hadithi yangu imeingia chini ya kitambaa, atakayeifunua atauona mwiko!

Ndiyo, namwona mjomba wenu anaiangalia kompyuta yake ile mbovu aliyoniachia pale pembeni. Isogeleeni kidogo. Mmesikia? Chwi, chwi. Basi mwambieni asiiguse, amefiwa huyo. Na anayekuja kumpa pole apitie kwangu kwanza, na sinia lisiwe jepesi.