Jiwe la Ngiri Kileleni

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa wapi?"
"Mlimani, kwenye baridi!"
Basi sogeeni. Mwenye miayo akapigie nje.

Hapo kale, juu ya kilima cha Mbwije, alikaa Mama Pimbi na watoto wake watatu. Nyumba yao ilikuwa pango lenye midomo miwili. Mdomo wa mashariki uliingiza jua. Mdomo wa kusini uliingiza upepo, na kipupwe kilipofika upepo uliingia kama mwenye nyumba: vuuuu! Watoto meno ka-ka-ka-ka. Mdogo wao akaanza kukohoa. Jiwe moja kubwa lingetosha kuziba, lakini Pimbi na udogo ule atalisukuma na nini?

Bondeni alikaa rafiki yake, Ngiri, shingo kama gogo. Mama Pimbi akamwendea, akamwambia wazi: "Swahiba, nipandishie jiwe. Nitakupa kikapu kizima cha viazi vitamu."

"Na akiba yako ya ghalani je?"

"Hiyo ni ya watoto."

"Basi tafuta shingo nyingine."

Akaenda mara ya pili. "Na akiba je?" Akaenda mara ya tatu, analia. "Na akiba je?"

Asubuhi ya nne sakitu, umande ulioganda, imetanda nyeupe juu ya majani. Mama Pimbi akatokea na kikapu kichwani, viazi vimechomwa, vinatoa moshi.

"Swahiba, leo sikuombi kitu. Nimekuja kukualika. Twende kwangu tukaote jua, tule."

Mkia wa Ngiri ukasimama wima. "Tule? Hapo umesema!"

"Ila kwetu mgeni haji mikono mitupu. Huja na jiwe. Mwenye jiwe kubwa hula fungu kubwa." Akaokota kokoto, akalitia kikapuni. "Langu hili."

Ngiri akacheka moyoni. Akachagua jiwe kubwa kuliko yote, akaweka pua, akasukuma. Gubu! Gubu!

Walipofika kijitoni: "Mama Pimbi, jiwe zito!"

"Liache, baba. Chukua dogo."

"Na fungu langu?"

"Litakuwa dogo."

"Aka! Twende." Gubu! Gubu!

Walipofika kwenye mianzi: "Mama Pimbi, jiwe zito!"

"Liache, baba. Chukua dogo."

"Na fungu langu?"

"Dogo."

"Aka! Twende." Gubu! Gubu!

Karibu na kilele njia ikasimama kama ukuta. Jiwe likateleza hatua mbili nyuma. Ngiri akaketi. "Sasa basi. Naliacha kweli."

Kutoka juu ikasikika: kho! kho! Ni yule mdogo. Mama Pimbi akafunua kikapu, akaacha harufu iteremke, akachagua kiazi kinono.

"Usikiguse!" akabweka Ngiri. Gubu! Gubu! Gubu!

"Niliweke wapi?" akauliza kileleni, ulimi nje.

"Pale shimoni, swahiba. Mahali pa wageni."

Gubaa! Mdomo wa kusini ukazibwa. Upepo ukakatika, pango likanyamaza.

Wakaingia kwa mdomo wa mashariki. Mama Pimbi akachukua kiazi kimoja, saizi ya kokoto lake. Vilivyobaki vyote akampa Ngiri, naye akatafuna, nyam-nyam, hadi akasita.

"Mama Pimbi."

"Abee."

"Hili si jiwe ulilokuwa ukiniomba?"

"Ndilo."

"Na hiki si kikapu kile kile?"

"Ndicho. Kimepungua kiazi kimoja."

"Umenichezea! Nalitoa!" Akalivuta ndani kwa meno. Ufa ukafunguka kidogo tu: vuuuu! Upepo ukamkuta na jasho lake mgongoni. Ngiri akalirudisha mbio, akaligeuzia makalio, akalikandamiza nalo likatulia.

Mtoto yule mdogo akamwegemea tumboni, maana palikuwa na joto. Akakohoa mara moja, akalala. Ngiri akanong'ona, "Msimwamshe."

Alikaa pale hadi kipupwe kikaisha. Na hadi leo Ngiri humwambia kila mpita njia: "Unaliona jiwe lile? Nilijitolea."

Funzo lake, jamani: ukiwa na shida, mwambie rafiki yako ukweli, bila kuzungusha. Mama Pimbi alisema ukweli mara tatu, akafanya vyema kabisa, na watoto wakazidi kuganda. Fuateni funzo, msimfuate Pimbi.

Ngano yangu imefika kileleni. Anayeitaka ateremke nayo, na asisahau jiwe.