Mwalimu Luoga na Mbwa wa Saa Kumi na Moja

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye katumiwa na mtu wa kwaya, na huyo wa kwaya hakumbuki alikoipata. Isome mpaka mwisho, kisha mtumie jirani mmoja ambaye mmenuniana.

Katika mji mmoja mdogo wa nyanda za juu, kule ambako alfajiri mtu hutoka kitandani kwa kujilazimisha, aliishi mwalimu mkuu mstaafu aitwaye Mwalimu Luoga. Alikuwa na sifa moja iliyojulikana wilaya nzima. Wanafunzi mia sita wakipiga kelele uwanjani, yeye alisimama mlangoni pa ofisi akakohoa mara moja tu, na uwanja wote ukawa kimya. Nusu ya watu wa mtaa wake walikuwa wamepita mbele ya kikohozi kile.

Basi mtu huyo aliyewaweza watoto mia sita akashindwa na mbwa mmoja.

Mbwa mwenyewe aliitwa Kamanda, wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na la pili limelala. Kila siku ikifika saa kumi na moja alfajiri, Kamanda alisimama katikati ya ua na kuanza kubweka. Hakuwa akimbwekea mwizi wala paka. Alibweka tu, kwa bidii, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Mwalimu alijaribu kila alichokijua. Alimkaripia kupitia dirisha. Alihamisha kibanda cha mbwa kutoka mbele ya nyumba kwenda nyuma, chini ya mparachichi. Alikohoa kile kikohozi chake maarufu, na Kamanda akatikisa mkia akidhani anasalimiwa. Mwisho, kwa kuwaonea majirani aibu, alitoka na blanketi begani akamwekea bakuli la ugali na dagaa. Kamanda alinyamaza papo hapo. Mwalimu akarudi kulala huku akijipongeza, na kesho yake mambo yakaanza upya.

Majirani walichoka, lakini hakuna aliyesema kitu. Nani angemgongea mwalimu wake mlango alfajiri, amwambie mbwa wako anatukera? Mmoja mmoja walikuwa wanafunzi bado. Ila walipokusanyika Jumamosi jioni nyumbani kwa Balozi Mwinuka, kiongozi wa nyumba kumi, ghafla wote wakawa majasiri.

"Shikamoo, Mwalimu," Balozi alianza, macho yakiwa chini. "Tunakuheshimu sana. Ila huyu mbwa ametushinda."

"Mimi naamka saa kumi kukaanga vitumbua," alisema Mama Aneth, jirani wa kushoto. "Kelele zile zinanivuruga mpaka naweka chumvi mahali pa sukari."

"Nami nafunga bucha usiku," alisema Kiswaga, muuza nyama, jirani wa kulia. "Sasa nilale saa ngapi?"

Uamuzi ukatolewa. Kamanda apewe wiki moja. Asiponyamaza, apelekwe kulinda shamba la miti la mpwa wa Balozi, mwendo wa siku nzima kwa gari.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu. Tangu mkewe afariki, Kamanda ndiye aliyempokea akirudi sokoni, na ndiye aliyesikiliza habari zote za siku bila kumkata kauli. Njiani kurudi nyumbani machozi yalimlenga, akashukuru kwamba giza lilikuwa limeanza kuingia.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mkali aitwaye Atukuzwe.

"Akibweka, huwa unafanyaje?" Atukuzwe aliuliza.

"Nampa chakula anyamaze."

"Na shuleni, Mwalimu, mtoto akipiga kelele darasani ulikuwa unampa andazi?"

Mwalimu Luoga alicheka kidogo kwa aibu.

"Huyo mbwa umemfundisha wewe, na amefaulu vizuri sana," Atukuzwe aliendelea. "Kuanzia kesho, akibweka usitoke, hata mlango usiufungue. Akinyamaza, hesabu moja mpaka ishirini. Akiwa bado kimya, hapo ndipo umpe. Siku za mwanzo atazidisha. Usilegee."

Jumanne Mwalimu alijifunika blanketi gubigubi akakaza moyo. Kamanda alibweka mlangoni, akangoja, akabweka tena. Kisha akaondoka. Mwalimu akamsikia akibweka upande wa kushoto wa ua, halafu kimya. Akabweka upande wa kulia, halafu kimya. Akabweka getini, na baada ya hapo kukawa kimya kabisa. Mwalimu alihesabu mpaka ishirini kwa furaha, akatoka na bakuli.

Kamanda alilinusa lile bakuli kwa heshima, akageuka akaenda kulala.

Jumatano ikawa vilevile. Alhamisi Mwalimu alimtazama mbwa wake vizuri mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza akagundua kwamba alikuwa amenenepa. Mbwa wa mwalimu mstaafu, anayekula ugali na dagaa, alikuwa na tumbo la mwenyekiti wa chama cha ushirika.

Ijumaa, saa kumi na nusu, Mwalimu Luoga alivaa koti lake la zamani la shuleni, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Baridi ilimpenya mpaka kwenye magoti. Zilibaki siku mbili tu wiki iishe, na alitaka kujua.

Saa kumi na moja, Kamanda alitoka kibandani, akajinyoosha na kuanza kazi. Alibweka mlangoni kidogo, kwa kutimiza wajibu tu, kisha akaelekea uzio wa mianzi wa kushoto. Alibweka mara tatu. Mkono ukapenya kati ya mianzi ukiwa na kitumbua cha moto.

"Shika, mwanangu, nyamaza," sauti ya Mama Aneth ilinong'ona. "Mafuta yanaungua huko."

Kamanda alimeza, akavuka kwenda uzio wa kulia. Mara tatu tena. Mfupa mkubwa ukaruka juu ya uzio ukatua miguuni pake, na nyuma yake ikafuata sauti ya Kiswaga ikipiga miayo.

Mfupa aliuficha chini ya mparachichi, akakimbia getini. Huko hakulazimika kubweka zaidi ya mara moja. Mtu alikuwa tayari anamngoja, amevaa pajama na kofia ya sufu, ameshika kitu ndani ya gazeti.

"Kamanda, baba," mtu huyo alibembeleza. "Nipe nusu saa tu nilale. Leo nimekuletea maini."

Alikuwa Balozi Mwinuka.

Mwalimu Luoga hakupanga alichofanya. Kilitoka chenyewe, kama zamani mlangoni pa ofisi. Alikohoa mara moja.

Mtaa wote ukawa kimya. Upande wa kushoto mwiko ulianguka. Upande wa kulia miayo ilikatika katikati. Pale getini, Balozi wa nyumba kumi, baba wa watoto watano, alisimama wima na kuficha mikono yote miwili nyuma.

"Mwinuka," Mwalimu aliita akitoka nyuma ya tangi.

"Naam, Mwalimu."

"Mkononi una nini?"

"Maini, Mwalimu."

"Ya nani?"

"Ya Kamanda, Mwalimu."

"Mimi ni kitumbua kimoja tu!" Mama Aneth alipaza sauti kutoka kushoto, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Na mfupa wangu haukuwa na nyama!" Kiswaga akaitikia kutoka kulia.

Mwalimu alitaka kukasirika. Watu hawa walikuwa wamekaa kikao wamnyang'anye rafiki yake, na kumbe kila mmoja ana mkono ndani ya uzio. Lakini alikumbuka bakuli lake mwenyewe la ugali na dagaa, ambalo lilitangulia yote hayo. Akaanza kucheka peke yake ndani ya lile koti, mpaka Kamanda akaja kumnusa kuhakikisha kama ni mzima.

Kikao cha Jumamosi kilikwisha kabla chai haijapoa. Mwalimu alieleza aliyoambiwa na Atukuzwe, akawa wa kwanza kunyoosha mkono kukiri kosa, na wengine watatu wakafuata. Wakakubaliana kwamba mbwa akibweka, nyumba zote zijifanye hazina mtu. Shamba la miti halikutajwa tena.

Siku nne za mwanzo zilikuwa mateso. Kamanda alizunguka pande zote, akabweka kama mtu aliyedhulumiwa mshahara. Mama Aneth alijifunga kanga masikioni. Mke wa Balozi alilala na ufunguo wa jikoni, kwa kuwa alimjua mumewe. Siku ya tano kelele zilipungua. Siku ya tisa, saa kumi na moja alfajiri, Kamanda alitoka kibandani, akakaa chini, akatazama mlango bila kusema kitu.

Mwalimu Luoga alitoka na bakuli, moyo umemjaa furaha. Getini akamkuta Balozi Mwinuka, na gazeti lake.

"Mwalimu, amenyamaza," Balozi alinong'ona. "Naweza kumpa sasa?"

"Hesabu kwanza mpaka ishirini."

Balozi alisimama wima akaanza. "Moja, mbili, tatu..." Kamanda alimsikiliza kwa makini, sikio moja limesimama. "...kumi na tano, kumi na sita, kumi na nane..."

"Rudia," alisema Mwalimu.

Balozi akarudia kuanzia moja, na mbwa akangoja kimya.

Funzo: Kero tunayoilalamikia kikaoni jioni, mara nyingi ndiyo tuliyoilisha wenyewe alfajiri. Kabla hujamhukumu mbwa wa jirani, fungua kwanza kiganja chako uone umeshika nini.