Antena Iliyosimama Wima

Wapendwa, nawaomba leo mnisikilize habari ya fundi mmoja, muumini kama wewe na mimi. Kazi yake ilikuwa kufunga redio na antena kwenye boti za abiria ziwani. Asubuhi moja nahodha, rafiki yake tangu ujana, alimletea antena mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imevunjika. Abiria walikwisha kupanda, wanangoja kuvushwa kwenda kisiwani.

Fundi akapanda juu ya paa la boti, akaiweka antena kwenye kitako chake, akaizungusha. Ikaingia kidogo, ikagoma. Akaitoa, akaitazama. Meno ya antena yalikuwa mapana, ya kitako yamebanana. Mmewahi kulazimisha nati kwenye bolti isiyo yake? Inashika mwanzoni tu, halafu meno yanalika.

"Vipi huko juu?" nahodha akaita. "Watu wananung'unika!"

"Hii naona haika..." fundi akaanza, akanyamaza. Alijua kipo kiunganishi cha kupatanisha meno ya namna hiyo, lakini mpaka kiagizwe mjini. Akamtazama rafiki yake, akaona mtu anayetaka jibu moja tu.

Akazungushia tepu nyeupe ya mabomba, akakaza kwa spana mpaka chuma kikalia, akapaka gundi juu yake. Antena ikasimama wima. Wakaijaribu redio palepale gatini, ikasikika vizuri.

"Imeshika?"

"Imeshika, ndugu yangu. Nenda."

Mchana upepo ukachafuka. Mawimbi yakaipiga boti ubavuni, maji yakaingia kwenye injini, ikazima. Antena ikayumba, ikang'oka, ikaanguka majini na waya wake. Nahodha akaita kwenye redio. Akaita tena. Walionusurika wanasema aliita mpaka sauti ikamkauka. Nyuma tu ya kisiwa meli ya mizigo ilikuwa imejikinga na upepo, redio yake iko wazi. Haikusikia kitu, na boti ikazama na nahodha wake.

Na fundi? Alikuwa nchi kavu, redio mbele yake, anakunywa chai. Akajisemea, "Kungekuwa na shida, angeita." Jamani, kimya kile kilikuwa amani?

Baada ya maziko fundi alikwenda kumpa pole mjane wa nahodha. Mama yule akamwuliza, "Antena uliifunga wewe. Hukuona kwamba haikukaa?"

"Niliona, shemeji."

"Ukamwambia?"

Fundi akainama. "Alikuwa na haraka."

"Yeye alikuwa na haraka," mama akasema. "Wewe ulikuwa na nini?"

 

Na sisi tuna nini? Mtoto wa ndugu yako analeta mchumba, unaona kabisa kwamba yule mtu anampiga, unasema hongera. Jirani anajiua kwa pombe, unamcheka kwa mapenzi, unamsogezea kiti aendelee kunywa. Tunauita upole huo. Si upole, wapendwa, ni woga. Tunaogopa kununiwa wiki moja, kwa hiyo tunamruhusu mtu aende akazame.

Hivi ninavyosema, kuna mtu amekujia akilini. Ninaona kwenye nyuso zenu. Usingoje nimalize ibada ndipo uanze kutafuta maneno mazuri. Wengine mmeketi nao benchi moja. Geuka umwambie.