Msafara wa Nani?

Hapo zamani za kale... Mbona mnacheka, wanangu, nami hata sijaanza? Basi zamani zile za mbele, ambazo hata mimi sijazifikia, wanyama wa Mlimani waliishi kama watu: wana nyumba, wana majirani, na wanasengenyana. Mafuta yalikuwa yamekwisha ardhini. Kilichobaki ni umeme wa kinu kimoja cha upepo kule kileleni, vuuu, vuuu, na huo umeme ulikuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi.

Wenye magari walikuwa watatu tu. Bwana Tembo, mpenda sifa. Bwana Kifaru, mwenye hasira na macho mabovu. Na Bi Kiboko, ambaye ndani ya gari lake aling'oa kiti akaweka beseni la maji. Kila asubuhi magari hayo yalichomekwa kwenye kinu, yakanywa umeme mpaka tone la mwisho. Basi la kijiji likabaki bandani, buibui amefuma nyumba kwenye usukani, na dereva wake, Mzee Punda, anakoroma kiti cha nyuma.

Pimbi, yule mfupi asiye na mkia, hakuwa na habari na magari ya watu. Shida yake ilikuwa moja: mkewe Sikudhani alikuwa mjamzito, na mkunga, Bi Kanga, alikaa Mtoni, ng'ambo ya mlima.

Asubuhi moja Sikudhani akashika kiuno. "Mume wangu, mtoto hangoji. Nifikishe kwa Bi Kanga."

Pimbi mbio, tiki-tiki-tiki, mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, Bwana Tembo! Mke wangu kashikwa na uchungu. Tupe lifti mpaka Mtoni."

"Marahaba. Pole sana, lakini gari limejaa."

"Limejaa nini, nawe uko peke yako?"

"Kiti cha nyuma nakaa mimi. Cha mbele naweka mkonga."

"Basi tuachie umeme, basi la kijiji litembee. Nawe utapanda humo humo."

"Ati!" Tembo akapiga masikio, pwaa! "Mimi nipande basi? Niitwe abiria? Mimi, Tembo, niitwe abiria?"

Pimbi akarudi nyuma hatua chache, akajikuna kichwa. Kumbe! Umeme haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa neno. Akageuka na kucheka cheko la haya.

"Nisamehe, mzee wangu. Ulimi hauna mfupa. Nani kasema basi? Nilitaka kusema msafara."

"Msafara?" Masikio ya Tembo yakasimama.

"Hebu niambie, mkubwa gani husafiri peke yake kama mwizi wa kuku? Mkubwa husindikizwa! Sasa katika kigari hicho watu wako watakaa wapi? Lakini ukitoa umeme wako leo, Mzee Punda atakuendesha taratibu, na kijiji kizima kikusindikize mpaka Mtoni."

"Hata Kifaru?"

"Kifaru atakuwepo!"

"Na Bi Kiboko?"

"Na beseni lake! Ila sharti moja: mkubwa hajitangazi. Ukisalimiwa, itikia kwa kichwa tu. Wafuasi wako wanakujua."

Tembo akavuta pumzi, kifua kikajaa. "Chomoa gari langu," akasema.

Umeme wa mmoja ungefikisha basi katikati ya mlima tu. Pimbi akaenda kwa Kifaru, akasema maneno yale yale. Akaenda kwa Bi Kiboko, akasema yale yale, akaongeza na shikamoo ya pili. Nao wakachomoa. Mzee Punda akaamshwa, buibui akaombwa ahame, na basi likakohoa: krrr, krrr, ngurumm!

Wakapanda. Sikudhani akawekwa mbele. Mbuzi wakapanda na vikapu vyao, Bi Kondoo na maziwa yake yaliyokuwa yakichachia nyumbani kwa kukosa usafiri. "Shikamooni, wakubwa!" wakasema, na wakubwa watatu wakaitikia kwa kichwa, kila mmoja akitabasamu peke yake na kuwahurumia wale wawili wengine. Maskini, alifikiri Tembo, wameacha magari yao kwa ajili yangu. Hata Kifaru alifikiri hivyo hivyo, ingawa alikuwa ameliinamia gunia la viazi akidhani ni Bi Kondoo.

Njiani Sikudhani akalia, "Mama wee!" Roho ya Pimbi ikaruka. Alimpenda mkewe huyo kupita kiasi, na ujanja wake wote haukuweza kumpunguzia maumivu hata kidogo.

Lakini Bi Kiboko akachovya kitambaa kwenye beseni, akampangusa uso. "Tulia, mwanangu. Katika msafara huu hakuna atakayeteseka." Tembo akampepea kwa masikio. Na basi lilipochoka mlimani, ng'ng'ng', Kifaru akashuka bila kuombwa, akalisukuma kwa kichwa mpaka juu. Mwenye msafara, alijiambia, hauachi msafara wake ulale njiani.

Wakafika. Bi Kanga akampokea Sikudhani, akamwingiza ndani. Kisha akachungulia mlangoni.

"Mmemwahisha! Nimshukuru nani? Huu msafara wa nani?"

"Wangu!" akasema Tembo.

"Wangu!" akasema Kifaru.

"Wangu mimi!" akasema Bi Kiboko.

Hata mbuzi waliacha kutafuna.

"Ngoja," akasema Kifaru. "Kwani mimi nimemsindikiza nani?"

Vichwa vitatu vikubwa vikamgeukia Pimbi. Pimbi akatafuta tundu, hakuliona. Lakini ulimi ukabaki pale pale.

"Wazee wangu, kila mmoja kasindikizwa na kijiji kizima. Nimedanganya wapi?"

"Umetufanya abiria!" Tembo akanguruma, akainua mguu.

"Nyaa! Nyaa! Nyaaa!"

Sauti ilitoka ndani, ndogo na kali. Mguu wa Tembo ukabaki hewani.

"Binti!" Bi Kanga akapiga vigelegele. "Mzima, na mama mzima! Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa nasema mengine."

Tembo akauteremsha mguu polepole, pembeni kabisa mbali na Pimbi. Bi Kiboko alikuwa analia, naye hakuficha. "Anaitwa nani?" akauliza.

"Msafara," akasema Pimbi, naye machozi yanamtoka.

Kifaru ndiye aliyeanza kucheka, kwa! kwa! kwa! Tembo akafuata, basi likatikisika. Wakarudi wote pamoja, wakipokezana kumbeba mtoto, na kila mmoja akidai kwamba kafanana naye.

Kesho yake Pimbi alipofungua mlango alimkuta Bwana Tembo amesimama mbele ya banda la basi, kofia kichwani, wa kwanza kabisa. Gari lake halikuchomekwa.

"Pimbi," akanong'ona, "leo tunamsindikiza nani?"

Yangu ndiyo hayo, wanangu. Yashikeni msije mkayamwaga njiani: ukubwa si kusafiri peke yako, ukubwa ni kumwachia mwenzako nafasi.