Dirhamu Iliyofutika Shahada

Wanasimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mjane mchamungu aitwaye Lubaba binti Hazim. Alilea watoto wake kwa kazi ya kuwasafishia watu fedha nyumbani kwake: vikuku, pete, na zaidi dirhamu za kale ambazo wanawake wa mji ule walizitungia mikufu ya arusi.

Kazi yake haikuwa na siri. Alizilaza dirhamu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya mafuta ya zeituni, akazipapasa kwa ncha za vidole, akazisuuza, kisha akazikausha kwa kuzibonyezea kitambaa cha pamba bila kusugua. Weusi uliobaki aliuacha. Alikuwa akisema kwamba fedha ya kale ni laini, na weusi kidogo hauidhuru.

Siku moja Bibi Atika, ajuza mwenye macho hafifu, alimletea mkufu wa marehemu mama yake ili mjukuu wake auvae arusini. Siku hiyo mtoto mdogo wa Lubaba alikuwa na homa, na mama mtu hakuwa amepata usingizi. Akataka amalize upesi. Akachukua mchanga na majivu, kama asuguavyo masufuria, akausugua mkufu. Ukang'aa. Lakini alipoigeuza dirhamu ya katikati, akaona maneno ya shahada yaliyochorwa juu yake yamefutika.

Jirani yake Jumana, aliyekuja kumwangalia mgonjwa, akaushika mkufu akacheka.

"Shoga, mbona umesawijika? Si unang'aa huu! Na bibi mwenyewe hatofautishi mbuzi na kondoo mpaka walie."

"Nimefuta shahada, Jumana."

"Nani atajua? Ukienda kusema, hakuna atakayekuletea tena hata pete. Hao watoto watakula ukweli wako?"

Lubaba alijua kwamba jirani yake hakukosea. Akaswali adhuhuri, akamwachia Jumana mtoto, akauchukua mkufu, akaenda kwa Bibi Atika.

"Bibi yangu," alisema, "nimeiharibu amana yako. Nilitumia mchanga kwa haraka zangu. Shahada ya dirhamu ya katikati imeondoka, na sina namna ya kuirudisha."

Bibi Atika akaipapasa dirhamu ile kwa kidole gumba.

"Kwa herufi hizi mama alinifundisha kusoma," akasema. "Nenda, mwanangu. Leo sina neno la kukwambia."

Habari zikaenea, na ikawa kama Jumana alivyosema. Hakuna aliyebisha mlango wa Lubaba. Akasokota sufu kwa ujira mdogo, akasubiri, wala hakumlaumu mtu.

Siku ya arusi ilipofika, wanawake walimzunguka bibi arusi, na mmoja akauliza kwa kejeli ni nani aliyeukwangua mkufu ule.

"Ni Lubaba," akajibu Bibi Atika. "Tangu ujana wangu nimepeleka fedha kwa wasafishaji wengi, na si mara moja zilirudi zimeharibika. Ni huyu peke yake aliyekuja kuniambia. Zilizobaki kwangu nitampelekea yeye."

Basi wakarudi kwake, mmoja mmoja.

Ndugu zangu, sote tunachoka, na aliyechoka hukosea. Mola wetu anaujua uchovu wetu kuliko tunavyoujua sisi. Analotutaka ni tusiufanye sababu ya kumficha mtu haki yake.