Maji Mdomoni mwa Namsifu

Hapo zamani, watu wa Kwemsanga walikuwa na Masikio. Ndivyo walivyowaita wapelelezi wao, watu wasiojulikana, waliotegea maneno ya maadui wa ng'ambo ya mlima. Masikio yaliulinda mji. Lakini watu wakajiuliza: haya Masikio nayo, nani anayasikiliza?

Baraza likachagua wajumbe wawili, Mzee Kihiyo na Namsifu, wawe wanaingia katika nyumba isiyo na dirisha kumhoji Shemdoe, mkuu wa Masikio. Lolote wakimuuliza, sharti ajibu kweli. Lolote wakilisikia, sharti walifiche. Kwa hiyo kila walipotoka walijaza maji mdomoni, wakapita nayo sokoni watu wote wakiona, wakayamwaga kwenye vizingiti vya nyumba zao. Wachuuzi waliwatania: "Mheshimiwa, leo umebeba mtungi mzima."

Namsifu alikuwa mtu wa kuuliza. Utotoni mama yake alimwita Kwanini. Siku moja aliuliza habari za Sekiete, mfinyanzi aliyefungwa kwa kushukiwa kwamba aliwaonyesha maadui njia ya ghala la nafaka.

"Nani alimtaja?"

"Mtu wetu aliye kambini mwao," akajibu Shemdoe.

"Na bado anamtaja?"

"Hapana. Ameleta neno kwamba alikosea. Sekiete hana hatia."

"Basi kwa nini hajatoka?"

"Maadui wanajua tumemshika asiyehusika, wanatucheka. Tukimtoa leo watajua kuna mwenzao aliyetunong'oneza. Mwezi ukiandama mtu wetu atakuwa amerudi. Subirini."

"Sekiete ana homa kali. Ataufikia mwezi huo?"

"Hilo silijui."

Wajumbe wakikubaliana, waliweza kuamuru mgonjwa apelekwe kwa mganga. Namsifu akamgeukia mwenzake. "Mzee wangu, tuamuru."

"Mfungwa akibebwa, watu watauliza," akasema Kihiyo. "Tungoje, binti yangu."

Wakajaza maji mdomoni, wakatoka.

Sokoni, mke wa Sekiete alikuwa ameketi kando ya vyungu vya mumewe, ambavyo hakuna aliyetaka kuvinunua. "Dada," akasema, "sikuombi neno. Tikisa kichwa tu. Nimsubiri, au nimlilie?"

Namsifu akapita. Akaenda kidogo, maji yakipata joto mdomoni. Akarudi. Akayatema vumbini.

"Mumeo hana hatia," akasema. "Na waliomfunga wanajua."

Soko zima likainuka. Kabla jua halijazama Sekiete alitolewa, amebebwa mgongoni, yu hai. Na kabla mwezi haujaandama, mwili wa kijana Kiondo ulikutwa mpakani. Hapo ndipo mama yake alipojua kwamba mwanawe ndiye aliyekuwa Sikio kambini mwa maadui.

Kwemsanga, aliyesababisha kifo hupinduliwa kigoda chake, asiketi tena barazani. Anayepindua ni mfiwa, na hupindua kimoja tu. Vikapangwa vigoda vitatu.

Shemdoe akasema, "Niliulizwa, nikajibu kweli. Ningedanganya, Kiondo angekuwa hai. Kosa langu ni kusema kweli?"

"Kosa lako ni kumfungia ndani mtu asiye na kosa," watu wakamjibu.

Kihiyo akasema, "Nilishika kiapo. Maji yangu niliyafikisha kizingitini. Kila mjumbe akitema njiani, nani atatuambia neno tena?"

"Na homa ya mume wangu, babu, ulimwachia nani?" akauliza mke wa Sekiete.

Namsifu akasema, "Mliniingiza mle niwe macho yenu. Nikamwona mtu anakufa bure. Ningefumba?"

"Na Kiondo je?" sauti ikatoka nyuma.



Mama Kiondo akasimama mbele ya vigoda. Pembeni alikuwa Sekiete, kajifunika shuka, anapumua. Mama akamtazama yeye kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akainama, akanyoosha mkono.

Enyi mlioketi hapa, semeni kabla mkono haujafika: ni kigoda cha nani kilichostahili kupinduliwa?